Mpiga Mbizi na Mwenzake

Kijana aliyelelewa pwani, iwe Mafia, Unguja au Lamu, hujifunza mapema kuvuta pumzi, kuizuia kifuani na kuzama kumtafuta pweza. Ajiungapo na chama cha wapiga mbizi watumiao mitungi ya hewa, mazoea hayo ndiyo ya kwanza anayotakiwa kuyaacha. Sababu yake imo katika Kanuni ya Boyle, ifundishwayo katika kila shule ya sekondari.

Kila mita 10 za kina huongeza kanieneo sawa na ile ya angahewa yote iliyo juu ya bahari. Hivyo katika mita 10 kanieneo huwa mara 2 ya ile ya juu, na katika mita 30 huwa mara 4. Mvuvi azuiaye pumzi huteremka na hewa aliyoivuta juu; mapafu yake husinyaa, na apandapo hurudia ukubwa wake wa kwanza. Mwenye mtungi huvuta hewa akiwa kule kule chini. Akijaza lita 6 katika kina cha mita 10, kisha akazuia pumzi na kupanda, hewa ile itataka nafasi ya lita 12. Mapafu hayana nafasi hiyo. Huchanika, na viputo vya hewa huweza kuingia katika damu na kufika ubongoni. Ndiyo maana mkufunzi hurudia agizo moja hadi lichoshe: pumua daima.

Hesabu hiyo hiyo huonyesha jinsi hewa inavyokwisha. Mtungi wa lita 12, uliojazwa kwa kanieneo mara 200 ya ile ya angahewa, una hewa ya lita 2,400 hivi. Mtu atumiaye lita 20 kwa dakika angeimaliza kwa dakika 120 akiwa juu ya maji, bali kwa dakika 30 tu katika kina cha mita 30. Na kwa kuwa sehemu yake huwekwa akiba, muda halisi ni mfupi zaidi.

Hata hivyo, kinachomfanya mwenzi awe wa lazima hasa ni nitrojini. Gesi hii, iliyo karibu asilimia 78 ya hewa, huyeyuka zaidi katika damu kadiri kanieneo inavyozidi, na kuanzia mita 30 hivi huweza kulevya akili. Aliyelewa hivyo hujiona mzima kabisa. Ni mwenzake amwonaye akikodolea macho geji bila kuielewa, akampandisha juu. Kupanda nako kuna taratibu zake: mwaka 1908 J. S. Haldane na wenzake wa Uingereza, baada ya majaribio ya mbuzi, walitoa majedwali ya kupanda kwa vituo ili nitrojini itoke mwilini bila kufanya viputo. Siku hizi wapiga mbizi husimama kwa dakika 3 hivi katika mita 5.

Mgeni chamani huanza kwa kupimwa afya, kisha hufundishwa katika maji mafupi. Kabla ya kuzama, kila mmoja hukagua mtungi na mikanda ya mwenzake, pamoja na kile kipumulio cha pili ambacho mwenzake atakitegemea hewa ikimwishia. Ishara za mikono nazo zina mtego wake: kidole gumba kilichoinuliwa hakisemi "vizuri", bali "tupande".

Baadhi ya vikundi huhesabu samaki na matumbawe; Reef Check hutumia wapiga mbizi wa kujitolea kwa kazi hiyo tangu 1997. Hapo mtoto wa mvuvi, azijuaye changu na chewa tangu utotoni, huwa na mengi ya kuwafundisha wenyeji wake.