WANALALA JUU YA GARI, WANALIPIA KUMWONA TEMBO!

Wasomaji wangu, mwangaluka! Wa Dar msinitolee macho, hiyo ni salamu ya asubuhi ya Kisukuma, na wiki hii nawapeleka Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu. Mkoa wenyewe bado kijana, umezaliwa 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na kipande cha Mwanza. Wengi wanaujua kwa pamba. Wachache wanajua kwamba ukitoka hapo kidogo tu unagongana na Serengeti.

Panda gari Bariadi, teremka na lami mpaka Lamadi, pale inapokutana na barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Kaa kibandani, agiza soda yako ya baridi, kisha tazama magari. Ikifika Juni, mvua imekatika na vumbi limeanza, utaona maajabu. Linapita Land Cruiser lina hema juu ya paa na ngazi pembeni. Linafuata lori zima limegeuzwa nyumba: kitanda ndani, friji, jiko la gesi, tenki la maji, sola juu. Hakuna kodi ya mwenye nyumba wala kugombea choo cha uani. Wenyewe wengi ni wazee wastaafu wa Ulaya, wengine wameanzia Afrika Kusini wanapanda taratibu kama konokono. Wanaelekea geti la Ndabaka, liko mbele kidogo tu ukishika njia ya Bunda.

Mmoja wao nilipiga naye stori, babu wa Kijerumani na mkewe. Miezi saba hawajalala kwenye nyumba ya matofali! Nyuma ya gari kuna mfuko mrefu, nikadhani bunduki. Kumbe fimbo za gofu. Babu akaniuliza kwa Kiswahili cha kuokoteza, kiwanja cha gofu Bariadi kiko wapi? Nikamwambia babu, huku mpira tunaoujua ni ule wa kupiga kwa mguu. Alishacheza kule Kili Golf, kati ya Arusha na Moshi, mashimo 18, ukiinua kichwa Mlima Meru huu hapa na Kilimanjaro ule kule, kama hakuna mawingu. Gofu yenyewe, kwa usiyejua, ni kakijimpira kadogo unakapiga mpaka kaingie shimoni, na mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Kwa mvivu kama mimi ni mchezo safi, unatembea tu kwenye majani mabichi. Ila mfuko wa fimbo hizo mpya unakula mshahara wa mtu. Tuyaache.

Kilichonigusa ni kingine. Nina mjomba wangu upande wa Itilima, shamba lake liko karibu na pori. Naye kiangazi halali ndani! Mazao yakishakomaa, analala kwenye dungu katikati ya shamba, tochi mkononi, debe tupu pembeni, anamsubiri tembo. Akisikia matawi yanavunjika anapiga debe, anapiga kelele, jirani anadakia, na yule wa mbele naye anadakia. Wengine wanatundika kamba zenye vitambaa vilivyolowekwa pilipili na oili chafu, maana tembo pilipili haipendi kabisa. Wengine mizinga ya nyuki. Lakini tembo ana akili bwana, akikugundua leo umesinzia, umekwisha. Kundi likipita usiku mmoja, mahindi ya mwaka mzima unayahesabu kwa vidole.

Nikamsimulia habari za yule babu wa Kijerumani. Mjomba akaacha kumenya muhogo.

"Yaani analipa hela ili alale karibu na tembo?"

"Ndiyo, mjomba. Mgeni kiingilio tu ni zaidi ya dola 70 kwa siku. Kulala ni hela nyingine."

"Basi mwambie aje huku. Dungu langu namlaza bure, na tembo atawaona mpaka achoke."

Tulicheka, lakini mke wake hakucheka. Mwaka jana yeye ndiye alienda kwa mtendaji kuandikisha hasara. Kuna kitu kinaitwa kifuta jasho, cha mazao, na kifuta machozi pale mtu anapouawa. Sasa sikia kanuni za 2011 zilivyopanga: shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, mwisho ekari 5. Na kadiri ulivyokuwa karibu na mpaka wa hifadhi ndivyo ulivyopata kidogo, na ukiwa ndani ya mita 500 hukupata hata senti. Yaani yule aliyeshinda akipumuliwa na tembo mgongoni ndiye aliyetoka mikono mitupu! Hoja yao ilikuwa kwamba watu wasisogee mpakani. Haya, na yule ambaye babu yake alizikwa palepale?

Lakini simchukii tembo, wala babu wa Kijerumani. Niliingia na mimi Ndabaka, na washikaji wanne, tumechanga mafuta kwenye gari kuukuu la kaka wa mmoja wetu. Mtanzania kiingilio chake ni shilingi 10,000 na VAT juu yake, ambayo Jumamosi moja ya kujirusha mjini haikutoshi. Hema tulibeba, maji tulibeba, na msosi ulikuwa michembe na karanga, chakula cha Kisukuma kisichooza wala kuomba friji. Ukanda huu wa magharibi nyumbu wanapita kati ya Mei na Julai, wakikutana na Mto Grumeti na mamba wake. Msiwe kama wale wanaotazama simba tu. Inueni macho kwenye miti ya mtoni, mtamwona mbega, koti jeusi na mkia mweupe, anaruka kama anadaiwa. Usiku tulisikia simba anaunguruma, na mshikaji mmoja aliyekuwa akijitapa njia nzima akahamia kulala ndani ya gari.

Kuna mambo ya kujua. Nendeni kiangazi, maana udongo ule mweusi wa mbuga ukinyeshewa unameza gari mpaka mlangoni. Giza likiingia hakuna kuzurura. Na jinzi za bluu au nyeusi acheni nyumbani, ndizo mbung'o wanazozipenda kuliko mademu wenu.

Kwa mjomba narudi mwezi ujao. Kaniagiza tochi, mwanga mkali, na betri za akiba.