“Waini nyekundu inaongeza damu”: Glasi ya mdogo wangu Mwadui

Baba mdogo aliinua glasi, akaielekeza dirishani, akafumba jicho moja. Amefanya kazi mgodini Mwadui zaidi ya miaka ishirini, na wengi waliopitia mgodi ule wana tabia hiyo: kitu chenye rangi lazima kipimwe kwenye mwanga kwanza. Ni huko huko ilikookotwa ile almasi ya waridi mwaka 1947 ambayo Williamson, mwenye mgodi, alimzawadia Princess Elizabeth, na mpaka leo hadithi yake husimuliwa kama vile jiwe limeokotwa jana.

“Wewe si ulikwenda Dodoma ukafundishwa kunusa?” akaniuliza. “Haya, tuambie hii ina nini ndani.”

Ilikuwa Jumapili, tumetoka ubatizo wa mtoto wa jirani. Mezani palikuwa na wali, kuku wa kienyeji, sahani ya matobolwa, na chupa ya mvinyo mwekundu wa Dodoma aliyokuja nayo mgeni. Nikainusa. Nilipata zambarau zilizoiva sana, moshi kwa mbali, na nyuma yake harufu ya udongo mweusi wa mbugani mvua ya kwanza inapougusa. Baba mdogo akacheka, akasema zambarau anaikubali, udongo hapana.

Ndipo mdogo wangu, binti yake, mjamzito wa miezi sita, alipojimiminia glasi nzima na kunywa nusu yake kwa mkupuo mmoja, uso umekunjamana kama mtu anayemeza dawa.

“Siipendi dada,” akaniambia. “Ila kliniki wamesema damu yangu ni 9, na watu wananiambia waini nyekundu inaongeza damu. Hii ni chupa ya tatu tangu mwezi uanze.”

Mama mdogo akaitikia kwa kichwa. Kwake hilo ni jambo linalojulikana, halina mjadala.

Nitarudi kwenye glasi hiyo. Kwanza nijibu swali la baba mdogo, maana bila kujua kilichomo ndani ya mvinyo ni vigumu kumweleza mtu kisichokuwamo.

Mashamba ya zabibu ya Dodoma, ukipita Makutupora na Hombolo, huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo nchi zenye majira ya baridi kali haliwezekani. Zabibu hukamuliwa, hamira hula sukari yake na kuigeuza pombe na hewa ya kaboni. Katika kazi hiyo hamira huzalisha pia harufu nyingi ambazo hazikuwamo kwenye tunda. Kwa hiyo mtu anaposema mvinyo huu unanukia ndizi, hakuna aliyetia ndizi. Kemikali inayoipa ndizi mbivu harufu yake ndiyo hiyo hiyo inayotengenezwa na hamira ndani ya pipa. Pilipili manga nayo ni hivyo: zabibu aina ya Syrah, ambayo inalimwa Dodoma pia, ina kemikali ile ile inayofanya pilipili manga inukie. Harufu ya vanila hutoka kwenye mbao za pipa la mwaloni, kama mvinyo ulilazwa humo.

Ulimi wenyewe hauna mambo mengi. Unajua utamu, uchachu, uchungu, chumvi, na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama. Mengine yote ni kazi ya pua. Ndiyo maana ukiwa na mafua chakula chote kinakuwa kama karatasi.

Mvinyo mweupe wa Dodoma ulio mkavu, yaani usio na sukari iliyobaki, hunijia kama ndimu na pera bichi, na mate hujaa pembeni mwa ulimi kama unapolamba ukwaju. Huo ndio uchachu. Mwekundu una uchachu kidogo na ukakasi mwingi. Ukakasi si ladha, ni mguso: ule ukavu unaoshika fizi ukila zambarau nyingi, au ukinywa chai ya rangi iliyochemka mpaka ikawa nyeusi. Unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Kisha kuna ile mitamu iliyoongezwa pombe kali, inayopendwa sana kwenye sendofu zetu, nzito mdomoni, yenye harufu ya zabibu kavu na sukari iliyoungua. Hiyo ndiyo inayowaangusha watu, kwa sababu utamu unaficha ukali.

Na kwa joto letu la Shinyanga, kuna harufu nyingine ambayo Dodoma hawakunifundisha, nimejifunza mwenyewe: chupa iliyokaa miezi kwenye rafu ya duka inayopigwa na jua. Inanukia matunda yaliyochemshwa, imepoa haina uhai. Ikinuka siki, imeharibika. Ikinuka boksi lililolowa, imeharibika pia, na kosa ni la kizibo.

Sasa rangi. Nyekundu ya mvinyo inatoka kwenye ganda la zabibu, ni rangi ya mmea wa jamii moja na ile ya rozela na zambarau. Haina uhusiano wowote na damu. Damu ni nyekundu kwa sababu ya madini chuma, na glasi ya mvinyo mwekundu ina madini hayo chini ya miligramu moja. Mjamzito anahitaji miligramu 27 kwa siku. Hesabu hiyo nilimfanyia mdogo wangu kwenye simu pale mezani: angehitaji chupa kadhaa kila siku, na mtoto asingefika salama.

Tena kuna kichekesho ndani yake, kama si cha kusikitisha. Ule ukakasi niliousifia huzuia mwili kufyonza madini chuma yaliyomo kwenye mboga na nafaka, sawa na chai ya rangi unayokunywa pamoja na chakula. Pombe nayo huvuruga matumizi ya foliki asidi, ambayo mwili unaihitaji kutengeneza damu. Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa anakula mchicha na maharage mchana kutafuta damu, na jioni anajiwekea kikwazo kwa glasi.

Lakini si damu iliyonitisha zaidi. Pombe hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto, na ini la mtoto aliye tumboni halijaweza kuishughulikia. Inaweza kusababisha mimba kuharibika, mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, na madhara ya ubongo yanayojitokeza baadaye shuleni: mtoto asiyetulia, anayesahau haraka, ambaye mwalimu anamwita mtundu. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama wakati wa ujauzito, iwe mvinyo, bia, wanzuki au kitu kingine. Kwamba imetengenezwa kwa matunda haiibadilishi.

Mama mdogo hakunyamaza. “Mwanangu, mimi nilipewa divai nikiwa na mimba ya huyu huyu, na huyu hapa, ana digrii.” Sikuwa na jibu la haraka. Ni kweli si kila mtoto hudhurika, na wamama wengi wanaosoma hapa waliwahi kuonja kabla hawajajua kuwa ni wajawazito. Hao wasijitese, waache tu tangu leo na wamweleze mhudumu wa kliniki. Ila nilimwambia mama mdogo kuwa kuvuka barabara umefumba macho ukafika ng'ambo si ushahidi kuwa magari hayapo. Akasonya. Sikumlaumu, ni mkubwa wangu, na ushauri huo alipewa na mtu aliyemwamini.

Inafaa kueleza ulikotoka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilisambaa sana habari kuwa Wafaransa hawaugui moyo sana kwa sababu ya mvinyo mwekundu. Watafiti waliofuata walionyesha udhaifu wa hoja hiyo, mojawapo ukiwa kwamba kundi la “wasiokunywa” lilichanganya na watu walioacha pombe kwa sababu tayari wanaumwa. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka kuwa hakuna kiwango cha pombe kisicho na hatari kwa afya. Na tangu 1988 pombe iko kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Mimi mwenyewe nakunywa glasi moja moja, sitajifanya. Nakunywa kwa sababu napenda harufu yake, na ninajua kuwa si dawa.

Kwa wanaokunywa, soma lebo. Mvinyo wa kawaida huwa na pombe asilimia 11 hadi 14, ile mitamu iliyoongezwa nguvu hufika 16 na zaidi. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 12 ina pombe sawa na bia kubwa tatu na nusu hivi. Wanawake wawili wakiimaliza kwenye kitchen party wakisema “sisi hatunywi pombe, tunakunywa waini”, kila mmoja amekunywa karibu bia mbili. Anayenyonyesha, njia salama ni kutokunywa. Akinywa glasi moja, asubiri walau saa mbili kabla ya kumpa mtoto ziwa. Kukamua na kumwaga hakuharakishi pombe kutoka, maana maziwa huisafishwa na muda tu, kama damu.

Halafu watoto. Siku ile ile mezani, mjomba mmoja alimchovyea mtoto wa miaka minne kidole kwenye glasi “aonje tu, akue mwanaume”. Watu walicheka alivyokunja uso. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18, lakini hakuna askari anayekaa mezani Jumapili. Mwili mdogo hulewa kwa kiasi kidogo sana, na sukari ya mtoto mdogo kwenye damu inaweza kushuka ghafla hadi akapata degedege. Nilimchukua mtoto yule nikampeleka jikoni.

Huko tulicheza mchezo ambao nakushauri uujaribu nyumbani. Vikombe vitatu: juisi ya ukwaju, ya ubuyu, na maji yenye asali. Mfunge mtoto macho, abane pua, anywe kidogo, aseme ni nini. Hatajua, atasema tu tamu au chachu. Kisha aachie pua. Uso wake utakavyobadilika ni jambo la kuliona. Muulize inamkumbusha nini. Yule wa kwangu alisema ubuyu unanuka “kama shule”, na ni kweli, pale getini wanauza.

Mdogo wangu alikuja kusimama mlangoni akitutazama. Nilimuuliza kama vidonge vya kuongeza damu alivyopewa kliniki anavimeza. Hapana, vinamletea kichefuchefu, akaviacha kabatini, akachagua waini. Hapo ndipo nilipoona tatizo lenyewe. Wengi hukutana na kichefuchefu hicho, na choo kuwa cheusi, wakaogopa. Choo cheusi kwa vidonge hivyo ni kawaida. Kumeza usiku wakati wa kulala husaidia, na kama bado vinasumbua, mhudumu anaweza kubadilisha. Chungwa au pera pamoja na chakula husaidia madini chuma kufyonzwa. Chai isogezwe mbali na mlo walau saa moja. Dagaa, maharage na nyama pale inapopatikana. Na apimwe malaria na minyoo, maana kwa kanda yetu damu hupotelea huko mara nyingi.

Alirudi kliniki Jumanne. Wakamsikiliza, wakamwelekeza kumeza usiku baada ya kula.

Wiki iliyopita, baada ya wiki saba, alinitumia picha ya kadi yake: 10.6. Bado haijafika 11 inayotakiwa, lakini inapanda. Chini yake ameandika kuwa chupa ya nne, ambayo ilikuwa haijafunguliwa, mama ameificha kabatini kwa ajili ya Krismasi, na kwamba baba anasema harufu niliyoikosa siku ile ni furu.