Saratani Inapozoea Dawa

Leo tunajibu swali linaloulizwa sana wodini: "Sista, uvimbe umeisha, mbona mtoto anaitwa tena kudungwa sindano?"

Tuchukue saratani iitwayo Burkitt, iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt nchini Uganda mwaka wa 1958. Huonekana zaidi sehemu zenye malaria nyingi kama kanda ya ziwa na pwani, lakini hata mtoto wa huku Meru na Embu aweza kuipata. Taya au tumbo huvimba upesi. Meno yakilegea, wengine hudhani ni jino bovu tu.

Uvimbe huu huyeyuka haraka kwa dawa. Mama huona shavu limerudi sawa, akafikiria nauli na kahawa iliyoiva shambani, akabaki nyumbani. Hapo ndipo penye hatari. Wewe mfugaji unawajua kupe: ukinyunyizia ng'ombe dawa mara moja ukaacha, dhaifu hufa, wale sugu hubaki wakazaana. Seli za saratani ni vivyo hivyo. Nyingine huisukuma dawa nje kabla haijafanya kazi. Uvimbe ukirudi, dawa ya kwanza huenda isiutishe tena.

Ndiyo sababu mtoto hupewa dawa kadhaa pamoja, kama siklofosfamidi, vinkristini na methotreksati. Kila moja hushambulia seli kwa njia yake, na inayoponyoka hii hunaswa na ile. Madaktari wa Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanzishwa Kampala mwaka wa 1967, ni miongoni mwa waliotangulia kutibu hivyo.

Sindano ya mgongoni huogopwa mno, hata na akina baba wanaojifanya majasiri. Lakini dawa nyingi za mshipa hazifiki vizuri kwenye ubongo, na seli hujificha huko. Sindano hiyo hudungwa chini ya pale uti wenyewe unapokomea.

Kuna saratani zinazokuwa sugu hata mama asipokosa kliniki siku moja. Hilo si kosa lako, wala si laana. Daktari hutafuta dawa nyingine.

Nauli ikikosekana, mwambie muuguzi kabla ya tarehe kupita. Mtoto akipata joto la nyuzi 38 au zaidi, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Na kama nyanya amempa mitishamba, itaje. Hatutakugombeza; baadhi yake hubadilisha jinsi ini linavyoishughulikia dawa.