Sinema za samurai: juu ya nini za zamani zimebaki kidogo?

Huko Japani, sinema zenye kuonyesha maisha ya zamani, wakati wa samurai na mabwana wao, zinaitwa jidaigeki. Wenyi kuzipenda wanazitafuta kila pahali. Lakini nyingi kati ya zile za mwanzo zimepotea kabisa. Juu ya nini?

Sababu ya kwanza ni filme yenyewe. Wakati ule ilitengenezwa na nitrati, kitu chenye kushika moto haraka na chenye kuoza. Tarehe 1 Septemba 1923, tetemeko la ardhi na moto viliharibu Tokyo. Kisha mabomu ya vita yakachoma mengine. Vita ilipoisha mwaka 1945, wakubwa wa jeshi la Marekani wenye walitawala inchi wakakataza sinema nyingi za panga, juu waliona zinasifu kisasi na utii kwa bwana. Nakala nyingi zikachomwa. Hata makampuni yenyewe yalikuwa yanatupa: sinema ikiisha kuonyeshwa, nani angeilipia tena?

Tuchukue mfano wa Yamanaka Sadao. Alitengeneza sinema zaidi ya 20, akafariki mwaka 1938 akiwa askari huko Uchina, na miaka 28 tu. Leo zimebaki tatu.

Zenye kubaki, mara nyingi kuna mtu aliyezichunga. Wakati sinema hazikuwa na sauti, mtu aliyeitwa benshi alisimama kando ya kitambaa akisimulia hadithi na kusema maneno ya kila mchezaji. Benshi mmoja, Matsuda Shunsui, alizunguka kisha vita akikusanya nakala zenye wengine waliona kama takataka. Katika akiba yake kuko Orochi ya 1925, yenye samurai mmoja anapigana na kundi nzima. Mwanafunzi wake, Sawato Midori, ameendelea kusimulia sinema hizo. Na mwaka 1991, sehemu za sinema ya 1927 juu ya mcheza kamari Chuji, yenye watu walilia kuwa imepotea, zilipatikana Hiroshima.

Kwa mwenye kukusanya, somo ni hili: usiangalie jina tu, angalia kama nakala ni nzima. Samurai Saba ya Kurosawa Akira, ya 1954, ina dakika 207. Nakala zenye zilitumwa inchi za inje zilikatwa sana. Mwenye kuona hiyo fupi hajaona bado sinema yote.