Chumba kidogo, besi ndefu: Chukua dekio upime kabla hujanunua

Gitaa la besi la kawaida lina urefu wa sentimita 117 hivi, unakaribia futi nne. Chumba nilichopanga Sinza ni futi 10 kwa 10, na humo ndani kuna kitanda cha futi 4 kwa 6, kabati, mtungi wa gesi, ndoo mbili na feni ya kusimama. Hesabu hiyo sikuipiga kabla ya kununua. Niliipiga baadaye.

Siku moja, Jumamosi jioni, nimekaa ukingoni mwa kitanda najifunza nyimbo za kesho kanisani. Mdogo wangu akarudi, akasukuma mlango kama kawaida yake. Mlango ukagonga kichwa cha gitaa, kifungo kimoja cha kukazia nyuzi kikapinda hadi kikagoma kuzunguka. Kesho yake kwaya iliimba ibada nzima mimi nikiwa na nyuzi tatu, na uzi niliokosa ni ule mnene wa E, ambao ndio mtu anaufuata kwenye besi.

Kama unafikiria kununua besi na unaishi kwenye chumba kimoja, au chumba na sebule ya kugawana, soma hii kwanza.

Kinachoamua urefu ni nini?

Muuzaji atakwambia “hili fupi, hili refu”. Anachozungumzia ni sehemu ya uzi inayotetemeka, kuanzia kile kijiti chenye mifereji karibu na kichwa hadi kwenye daraja kule chini, nyuzi zinakoshikwa. Kwenye besi za kawaida sehemu hiyo ni inchi 34. Kipimo hicho kilikuwa kwenye Precision Bass ya Fender iliyotoka mwaka 1951, na viwanda vingi vikakifuata.

Besi fupi huwa na inchi 30. Kuna za inchi 32 zinazokaa katikati, na kuna ndogo zaidi kama Ibanez miKro na Squier Mini Precision, ambazo zina inchi 28.6.

Wengi wanadhani fupi ni ya watoto. Höfner 500/1 aliyoinunua Paul McCartney kule Hamburg mwaka 1961 ni ya inchi 30, na ndiyo aliyotumia kwenye nyimbo nyingi za The Beatles. Fender wenyewe walileta Mustang Bass ya inchi 30 mwaka 1966. Kwa hiyo mtu akikucheka kwaya ikiwa mazoezini, una cha kumjibu.

Tofauti utaisikia vidoleni. Kwenye besi ya inchi 34, freti ya kwanza inakaa milimita 48 hivi kutoka kwenye kile kijiti. Kwenye ya inchi 30 inakaa milimita 43. Inaonekana kidogo, lakini kwa mwenye mkono mdogo, au anayecheza saa tatu mfululizo kwenye mkesha, ni kitu kikubwa.

Kuna bei yake pia. Ukifunga uzi uleule na kuutyuni kwa sauti ileile, kwenye inchi 30 mkazo unapungua kwa asilimia 22 hivi. Uzi unalegea, unagonga freti, na E inasikika kama inazama kwenye maji. Dawa ni kufunga nyuzi nene kidogo, zilizotengenezwa kwa ajili ya besi fupi. Usichukue za besi ndefu ukaenda kukata nyumbani. Sehemu nene ya uzi ikilazimishwa kuzunguka kwenye kifungo chembamba, inaweza kufumuka au kukatika.

Kichwa ndicho kinachokula nafasi

Hapa ndipo niliposhangaa. Ukitoka inchi 34 kwenda inchi 30 unaokoa sentimita 10 tu. Gitaa bado lina kichwa kirefu kinachotokeza upande wa kushoto, tena ndicho kinachogonga mlango.

Besi isiyo na kichwa inaokoa zaidi. Mtindo huu ulipata umaarufu miaka ya 1980 kupitia magitaa ya Ned Steinberger. Vifungo vya kukazia vimehamishiwa chini, kwenye daraja, na shingo inaishia pale nyuzi zinapoanzia. Besi ya namna hiyo inaweza kubaki na inchi 34 zake kamili, na bado urefu wote ukawa karibu mita moja. Yaani mkono haukosi chochote ulichozoea, ila gitaa linaingia hata kwenye daladala ya saa kumi na mbili jioni bila kumchoma mtu.

Shida ni nyuzi. Baadhi ya besi hizi zinataka nyuzi maalumu zenye kishikizo pande zote mbili, na hizo si za kwenda tu dukani Kariakoo na kuzikuta. Nyingine zina vibano vinavyokubali nyuzi za kawaida. Uliza kabla hujalipa, na ukiweza omba wafunge uzi mmoja ukiona kwa macho. Ningekuwa na uhakika wa nyuzi, mimi ningechukua hii bila kufikiria mara mbili.

Halafu kuna U-Bass ya Kala, yenye umbo kama la ukulele. Uzi wake ni wa inchi 20 na ushee, laini kama mpira, lakini inatyuniwa E, A, D, G kama besi yoyote. Inakaa juu ya kabati. Ila mkono unaoizoea hiyo utahangaika ukikabidhiwa besi ya kawaida ya kanisa au ya bendi, na nyuzi zake mpya zinavutika siku kadhaa kabla hazijatulia. Kwa anayejifunza ili akapige nje, nisingemshauri aanze nayo.

Dekio litakwambia ukweli

Chukua dekio lenye mpini mrefu. Weka alama ya sentimita 117, ya 107 na ya 98. Kaa pale utakapokaa kucheza, mwanzo wa mpini uwe nyuma kidogo ya nyonga yako ya kulia, ncha ielekee kushoto na juu kidogo. Sasa mwambie mtu afungue mlango. Washa feni. Geuka kama unachukua simu.

Alama ya kwanza isiyogonga kitu ndiyo saizi ya gitaa lako. Wanaotumia mkono wa kushoto wageuze zoezi.

Ukifika dukani, kaa na gitaa kisha uachie mkono wa kushoto. Shingo ikidondoka yenyewe kuelekea chini, jua bega litaumia, na besi zenye mwili mdogo zina tabia hiyo. Piga pia uzi ukiwa wazi, halafu ubonyeze kwenye freti ya 12. Sauti lazima iwe ileile, ila ya juu zaidi. Ikiwa inakwenda pembeni hata baada ya daraja kurekebishwa, liache.

Na jirani je?

Uzi wa E una hezi 41. Sauti nzito hivyo haizuiwi na pazia wala ukuta mmoja wa tofali, ndiyo maana jirani anaisikia besi yako hata kama wimbo wenyewe hausikii.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawaliwazi. Chumba cha futi 10 kwa 10, kwa hesabu, kinapenda kuvuma kwenye hezi 57 hivi, jirani kabisa na uzi wa A ukiwa wazi, ambao ni hezi 55. Kwa hiyo A itanguruma na noti nyingine zitaonekana zimekufa. Usikimbilie kulaumu gitaa, ni chumba.

Kuchomeka besi kwenye sabufa ya sebuleni ni kawaida yetu, lakini mapigo ya uzi huja kwa ghafla na spika za muziki wa nyumbani hazikutengenezwa kwa hilo. Ukiongeza sauti unaweza kuichana. Kwa chumba kidogo, amplifaya ya hedifoni inatosha, zile ndogo kama Vox amPlug zinazochomekwa moja kwa moja kwenye gitaa. Hazichukui nafasi yoyote, na saa tano usiku hakuna atakayegonga ukuta.

Kulihifadhi, usiliegemeze chini ya dirisha la luva. Unyevu na jua la Dar vinapinda shingo. Mwenye nyumba akikataa utoboe ukuta, lilaze kwenye mfuko wake mgumu chini ya kitanda, na usiweke kitu juu yake.

Mimi niliuza lile refu kwa hasara, nikanunua la inchi 30 la mtumba. Nilipima na dekio kwanza. Mlango sasa unafunguka wote, ila feni ilibidi ihamie upande wa kulia.