Wasifu wa baba haukusema alikuwa na presha

Na Mwandishi Wetu, Rungwe

Siku tuliyomzika baba mvua ilianza alfajiri, kama ilivyo kawaida ya Tukuyu. Waombolezaji walibanana chini ya maturubai. Ulipofika wakati wa kusoma wasifu wa marehemu nilisimama mimi, kwa kuwa ndugu waliona anayeandika gazetini ndiye anayefaa.

Nilisoma kwamba alikuwa mkulima wa chai, ndizi na viazi. Nikasoma kwamba alikuwa mzee wa kanisa la Moravian, na kwamba alisomesha watoto sita kwa majani ya chai na maziwa ya ng'ombe wawili. Kisha ikaja sentensi iliyowafanya wazee watikise vichwa kwa kukubali: "Baba hakujua kupumzika. Katika miaka yake 63 hakuwahi kulazwa hospitalini, isipokuwa siku tatu za mwisho."

Niliiandika kama sifa. Huu ni mwaka wa pili, na sentensi hiyo bado inanisumbua.

Aliomba kwa majina

Baba aliamka saa kumi na moja alfajiri. Aliomba kwa sauti ya chini, lakini nyumba yetu haikuwa na dari, hivyo tulimsikia. Alitutaja mmoja mmoja, kuanzia kaka mkubwa hadi kitindamimba. Mwenye mtihani aliombewa mara mbili. Baada ya hapo alivaa koti la mvua, akabeba kikapu na kwenda kuchuma chai.

Mama alipougua, baba alimenya ndizi na kupika mwenyewe, hata wenzake walipomcheka. Jirani akifiwa, alikuwa wa kwanza kufika na mkungu begani. Sikuwahi kumsikia akimfokea mama.

Ila yeye mwenyewe akiumwa kichwa alisema, "Ni uchovu tu." Alinunua vidonge vya maumivu dukani, akarudi shambani. Huko ndiko kiharusi kilipomkuta. Majirani walimkuta kati ya mistari ya chai, mdomo umepinda upande mmoja, hawezi kusema.

Kadi ndani ya kitabu cha nyimbo

Wiki moja baada ya matanga nilifungua kitabu chake cha nyimbo za kanisa. Ndani yake kulikuwa na kadi ya kliniki. Presha: 178/112. Chini yake mhudumu aliandika arudi baada ya wiki mbili. Hapakuwa na maandishi mengine.

Tarehe ya kadi ile ilikuwa ya mwaka wangu wa mwisho chuoni. Nikamuuliza mama.

"Alinikataza nisikwambie, mwanangu," alisema. "Alisema ukisikia utaacha mitihani urudi nyumbani. Na hela ya kurudi kliniki ilikuwa imo kwenye ada yako."

Nimeandika habari za presha mara nyingi. Sikuwahi kumuuliza baba yake ni ngapi.

Ugonjwa usiopiga hodi

Presha ya juu kwa kawaida haina dalili. Mtu anaweza kulima, kuchuma chai na kuimba kwaya huku mishipa ya moyo, ubongo na figo ikiumia. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa karibu nusu ya watu wazima wenye tatizo hili hawajui kuwa wanalo.

Mtu huhesabiwa kuwa na presha ya juu ikiwa vipimo vya siku mbili tofauti vinaonyesha namba ya juu ni 140 au zaidi, au ya chini ni 90 au zaidi. Haiponi kwa dozi moja kama malaria. Wengi huhitaji dawa kila siku, hata wanapojisikia vizuri. Kuziacha kwa sababu kichwa hakiumi ni kosa.

Kazi ngumu ya shamba ni mazoezi mazuri, lakini si kinga kamili. Umri, urithi wa familia, chumvi nyingi, pombe na sigara vyote vinachangia. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, ikiwemo iliyomo kwenye vyakula vya viwandani.

Ukiona uso wa mtu umepinda ghafla, mkono umelegea au maneno hayaeleweki, usimlaze ukisubiri apate nafuu. Mpeleke hospitali mara moja, na ukumbuke saa dalili zilipoanza, kwani daktari ataiuliza.

Wasifu ulio kamili

Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891 kutoka Ujerumani. Kanisa lao lina desturi ya tangu karne ya 18: muumini huandika habari za maisha yake, ndugu humalizia kwa kueleza ugonjwa na siku zake za mwisho, kisha husomwa mazishini. Ugonjwa haukuwa aibu ya kufichwa. Ulikuwa sehemu ya safari ya mtu.

Sisi siku hizi tunasoma "aliugua ghafla" na kupita. Watoto waliokaa mbele wanaondoka wakijua kwamba mwanaume mwema ni yule asiyeenda kliniki.

Kwa hiyo mzazi unayesoma hapa, muulize baba yako au mume wako presha yake ni ngapi. Usiulize "unajisikiaje?", maana jibu lake unalijua. Mkiwapeleka watoto kliniki, naye apimwe. Na kama pesa ni ya ada au ya kliniki, lizungumzeni wote mezani, asiamue mmoja kimyakimya.

Katika kumbukumbu ya mwaka mmoja nilisoma wasifu upya. Nilitaja kadi, namba zake na sababu ya kutorudi. Baadhi ya shangazi hawakupenda. Jioni baba mdogo alinifuata jikoni, akakunja mkono wa shati bila kusema neno. Mashine yangu ilionyesha 164/100.

Jumatatu alikwenda kituo cha afya, akapimwa tena na kuanzishiwa dawa. Alirudi akilalamikia foleni. Tarehe yake ya kurudi mama ameiandika kwa kalamu nyekundu kwenye kalenda ya ukutani, na humkumbusha kila Jumapili wakitoka kanisani.