Ng'ombe Anapokwama Kwenye Video

"Mnada wa ng'ombe: saa 2:30 asubuhi, punguzo 10%." Mnadi akilitangaza kwa kipaza sauti, tangazo hili halina shida yoyote. Iambie FFmpeg iliandike juu ya video, uone matata. Ritifaa, nukta pacha, mkato, alama ya asilimia: kila moja ina kazi nyingine kabisa ndani ya programu hiyo.

FFmpeg ni programu huria iliyoanzishwa mwaka 2000 na Mfaransa Fabrice Bellard. Haina vitufe vya kubofya. Unaiandikia amri, nayo inatekeleza. Wengi wameitumia bila kujua, kwani maktaba zake zimo ndani ya programu nyingi za video, VLC ikiwemo. Kichujio chake cha kuandika maneno juu ya picha kinaitwa drawtext. Mimi kinachonivutia zaidi ni mwongozo wake, maana zana isiyo na sura mtumiaji huijua kwa maandishi yanayoieleza tu.

Maneno hayo huchorwa kwa fonti, ambayo haihifadhi picha za herufi, bali hesabu za mipindo yake. Maktaba iitwayo FreeType huigeuza mipindo hiyo kuwa pikseli. Pikseli za ukingoni huchanganya rangi ya herufi na rangi ya picha iliyo chini yake, ndiyo maana ukingo huonekana laini. Baada ya hapo ni suala la mahali pa kuyaweka maneno, na hapa mwongozo ni mzuri: badala ya namba unaweza kuandika fomula. Ukiandika x=(w-text_w)/2, umechukua upana wa video, ukatoa upana wa maandishi, ukagawa kwa mbili. Badilisha maneno utakavyo, yatabaki katikati.

Sasa turudi kwa ng'ombe. Ndani ya amri, maandishi hufungwa kwa alama ileile tunayoiita ritifaa. Ya kwanza inafungua, na ile ya ng'ombe, badala ya kuandikwa, inafunga. Kitakachotokea kinategemea yanayofuata: pengine video itasomeka "ngombe", pengine amri nzima itakataliwa. Nukta pacha nayo hutenganisha mpangilio mmoja na mwingine, hivyo "30" ya saa 2:30 itadhaniwa ni mpangilio usio na jina.

Dawa ni kuitanguliza alama kwa mkwaju unaoinamia kushoto, ishara kwamba alama hiyo isomwe kama ilivyo. Tatizo ni kwamba amri hupita mikononi mwa wasomaji watatu: dirisha la amri la kompyuta, kisha mnyororo wa vichujio, kisha kichujio chenyewe, na kila mmoja hula mikwaju yake. Mwongozo wa FFmpeg hauishii kutaja kanuni. Unachukua sentensi moja na kuipitisha hatua kwa hatua, ukianzia kwa msomaji wa mwisho: ritifaa inaanza na mkwaju mmoja, inakuwa na mitatu, inamalizia na sita: \\\\\\'. Inatisha kuitazama, lakini ukiufuata mfano huo mara moja unaelewa jambo ambalo kurasa tano za maelezo zisingekuelewesha.

Njia fupi ipo pia. Andika maneno yako kwenye faili la UTF-8, kisha ulitaje kwa textfile. Ritifaa na nukta pacha zitapita salama. Asilimia bado italeta kelele, kwa kuwa drawtext huitumia kuingiza vitu kama saa na namba ya fremu; ongeza expansion=none nayo itulie. Kwa anayeandika Kiswahili, ambamo ng' imejaa tele, hii ndiyo ingestahili kuwa njia ya kwanza kufundishwa.

Mwongozo una kimya chake pia. Unasema rangi ya msingi ni nyeusi na ukubwa wa msingi ni 16. Kwenye video yenye mistari 1080, hizo ni herufi za ukubwa wa sisimizi, na juu ya picha ya usiku hazionekani kabisa. Unataja borderw, unene wa mstari unaozunguka herufi, bila kusema unafaa nini. Sababu ya kuuhitaji iko kwenye namna video zinavyobanwa: mwanga huhifadhiwa kwa kila pikseli, lakini rangi, katika mfumo uliozoeleka, pikseli nne huchangia sampuli moja. Herufi nyembamba nyekundu juu ya bluu huvujiana rangi. Nyeupe yenye ukingo mweusi hutofautiana na picha kwa mwanga, kwa hiyo hubaki kali. Vilevile drawtext haikunji mstari mrefu. Maneno yakizidi upana wa video, yanakatwa ukingoni.

Na anayetaka kuweka kwenye filamu maandishi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, kama yaliyomo katika miswada ya kale ya Lamu, asianze kwa kulaumu fonti akiona herufi zimeachana au zimepangwa kinyume. Upo mpangilio wa text_shaping unaoziunganisha na kuzigeuza, ila hufanya kazi pale tu programu ilipoundwa pamoja na maktaba ya FriBidi. Andika ffmpeg -version, utafute --enable-libfribidi kwenye mistari itakayotokea. Isipokuwepo, tafuta toleo jingine la programu.